Jaa la Kipupwe

Masika yanaaga, wakaja wanaume na jeneza,
wakamchukua Shaame, mimi nikakaa eda.
Miezi minne na siku kumi. Nje siendi.
Jaa la mtaa liko kule nyuma ya skuli,
na maganda ya muhogo hayajui kama nina eda.

Ndoo ikajaa. Na ya pili ikajaa.
Bi Mize akaniita kwa juu ya ua:
"Mpe mjukuu akakutupie."
Raya! Huyo hutupa njiani, namjua,
maganda ya ndizi humfuata mpaka darasani.

Basi nikachimba uani, ubavuni mwa tangi,
pale udongo mwekundu wa Wete
unapowanyima hata magugu.
Nikatanguliza makumbi, lipate kupumua.
Juu yake machicha ya nazi, masimbi ya chai,
vikonyo vya bilingani, jivu konzi moja,
majani ya mshelisheli
mapana kama viganja vya mgeni anayeaga.
Vichwa vya dagaa nikavizika chini kabisa.
Paka wa mtaa wakakaa matanga siku tatu.

Kisha kipupwe.
Kusi ikavuma, mchoo ukanyunya na kukatika, ukanyunya na kukatika.
Mafuta ya nazi yakaganda chupani, nikayachokoa kwa kijiti.
Jaa likanywea, likanyamaza.
Nikitia mkono, baridi,
baridi kama upande ule wa kitanda.

"Limekufa hilo," akasema Bi Mize.
"Baridi hii kitu hakiozi, kinanuka tu."
Kila kitu kinaoza, dada.
Ni kuulizana lini.

Ndipo nilipofungua sanduku.
Msuli wake wa milia ya kijani,
aliokaa nao barazani akichambua karafuu
misimu sijui mingapi; pamba tupu,
nyuma umebaki wavu.
Upindo aliupiga mwenyewe kwa uzi wa nailoni
maana kwenye sindano hakuniamini.
Nikalifunika jaa. Nikaliambia:
jitande, mwenye nguo naye alikuwa mwoga wa baridi.

Kila Jumatatu nikiufunua, nikiligeuza
kwa jembe lenye mpini nusu, nikilifunika tena.
Wanasema mtupa jongoo hutupa na mti wake.
Mimi jongoo nilimpokea, na mti wake,
na ukoo wake wote uliokuja bila kualikwa.

Siku ya hamsini na tatu
(sikuwa nahesabu. Naongopa, nilihesabu)
nilitoka kutia udhu, giza halijapasuka,
nikaona mvuke.
Mwembamba, kama wa kikombe kilichosahauliwa na mnywaji.
Nikatia mkono mpaka kiwiko.

Joto.

Sikumwita mtu. Nilichutama pale
mpaka Raya akatoka anapiga miayo:
"Bibi, umepoteza nini humo?"
"Sijapoteza. Nimeshika."

Karafuu zikaanikwa, mji mzima ukanukia majamvi.
Uani kwangu kukanukia mvua.

Siku ya kutoka eda wakaja wanawake na udi,
wakanikosha, wakanivisha kanga inayokwaruza kwa upya.
Nikawaambia tangulieni, naja.
Nikaenda kwenye tangi.

Msuli haupo. Hata mlia mmoja.
Udongo tu, mweusi, mwepesi,
unaponyoka vidoleni kama mchele mkavu,
na juu yake, pande zote nne, upindo:
uzi wa nailoni umebaki peke yake,
vishono vyake vidogo vidogo, vya mtu asiye na haraka,
vinashona hewa.

Nikauvuta polepole. Nikauosha.
Vuli hii umefunga miche saba ya tungule
na haujakatika popote.

Bi Mize alikuja na bakuli. Hakutaja baridi.
"Kidogo tu," akasema, "cha pilipili zangu."
Nikamjazia mpaka likafanya kichuguu.

Na kwa kuwa chombo cha jirani hakirudi kitupu,
jana kanirudishia yeye bakuli langu la tambi, la tangu Idi,
limejaa maganda.